Jozi ya Tatu

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Mvua nyembamba ilianza kabla ya adhana ya alfajiri ikaendelea mpaka chai ilipochemka. Kisha ikakatika, na wingu la kijivu likabaki juu ya kilima cha Naguru kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda.

Niliamka mwili ukiuma. Juma zima, mchana nilikuwa napanga madebe ya rangi katika ghala letu huko Nakawa, na jioni nakaa kwenye dawati la watoto kule Mengo nikijifunza pembetatu. Nilipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida yangu, lakini maneno hayakuja. Nilisema tu, "Bwana, leo nisaidie na hizi taa," nikabaki pale chini mpaka magoti yenyewe yakadai niinuke.

Balbu mbili mpya za taa za gari zilikuwa mezani, ndani ya kiboksi chao, kando ya kopo la sukari. Hiyo ilikuwa jozi ya tatu.

Mke wangu, Nafuna, alikuwa amekwisha kunywa chai. Anauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Owino, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Kwa kawaida huwa ameondoka saa hizo. Siku hiyo alinisubiri.

"Baba Travis," alisema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Sema vile tulikubaliana."

"Hizi zikikufa kama zile zingine, naacha shule."

"Na si mimi nasema."

"Najua. Ni Mungu anasema."

"Amezima mara mbili. Wewe unataka akuzimie mara ngapi ndio uelewe?"

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba, nikisema ukweli, sehemu moja ya moyo wangu ilitamani zife upesi tuyamalize.

Nafuna alivuta kiboksi karibu naye. Nyumbani kwetu hakuna kitu kipya kinachotumika kabla ya kuombewa: sufuria, viatu vya shule, hata rimoti ya televisheni. Kwanza alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, maana fundi wa gari alikuwa ametuagiza tunawe kabla ya kushika balbu. Akajifuta kwa kitambaa safi. Kisha akafungua kichupa cha mafuta ya zeituni tunachopewa kanisani, akachovya kidole gumba, akachora msalaba mdogo kwenye kioo cha balbu ya kwanza. Akafanya vivyo hivyo kwenye ya pili, akapangusa yaliyozidi kwa ncha ya leso. Mimi nilishika kiboksi nikasema Amina. Niliona midomo yake ikitetemeka. Alikuwa hataki nisome, lakini alikuwa akiniombea nirudi salama, na aliomba kwa moyo wote.

Nina miaka hamsini na mitatu. Niliachia kidato cha pili kule Bungoma baba yangu alipofariki, nikavuka mpaka kutafuta kazi, nikabaki huku. Kanisa letu la mtaa wa Banda limenikubali niingie mafunzo ya mhubiri msaidizi, ila wanataka cheti cha sinia foo, yaani kidato cha nne. Mtihani ni mwisho wa mwaka. Ndiyo maana nimo katika darasa la jioni pamoja na watu wazima wenzangu, na wawili kati yao huja na kurudi kwa gari langu. Alanyo ni mama wa Kiacholi anayesafisha wodi za hospitali. Anselme ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Nikiacha mimi, Alanyo pia ataacha, kwa kuwa hawezi kutembea peke yake gizani kutoka barabara kuu mpaka kwake. Kwa hiyo tulikuwa wanafunzi watatu tuliokuwa tunaning'inia kwenye taa mbili.

Gari lenyewe ni Corona, na umri wake umempita kitindamimba wetu. Vifuniko vya taa zake vilikuwa vimegeuka manjano kama meno ya mvuta kiko. Giza likiingia, mwanga ulidondoka mbele ya bampa ukaishia hapo hapo. Mwezi wa tatu, tukipita Nakawa jioni, mtu alikuwa anasukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya matoke, nami sikumwona. Nilipokanyaga breki, bampa lilikuwa limekwisha gusa mkungu. Alitutukana kwa Kiganda akaenda zake. Nafuna alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Kuanzia hapo ndipo alipoanza kupokea ujumbe kwamba Mungu hapendi masomo yangu.

Nilimpelekea gari Siraje, fundi wa umeme wa magari pale Mengo. Ukoo wao ni wa Waislamu waliotoka pwani zamani kufuata biashara, na yeye hufanyia kazi chini ya banda la mabati, mkabala na ukuta mrefu wa stoo ya makaa. Nilimwomba anifungie zile taa nyeupe za kibuluu ambazo vijana huweka. Alikataa.

"Hizo, gari yako haikutengenezwa nazo," alisema. "Zitakuonyesha wewe barabara. Mwenzako anayekuja, zitamuonyesha kaburi."

Badala yake alisugua vile vifuniko kwa msasa laini na maji mpaka manjano yakatoka, akavipolishi. Akatoa waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukapita katika kisanduku kidogo ambacho mafundi wanakiita rilei, kwa sababu nyaya za zamani zilikuwa zimechakaa. "Taa yako ilikuwa inakunywa maji kwa mrija umeziba," alinieleza. Mwisho akanituma nikanunue balbu bora, za nguvu ile ile ya gari, akanikumbusha: "Kabla ya kushika, mnawe mikono."

Jozi ya kwanza ilitufurahisha sana. Mashimo tuliyokuwa tukiyafahamu kwa matako sasa tuliyaona kwa macho. Anselme alikuwa akikaa nyuma, akachungulia katikati ya viti akasema, "Baba Sifuna, sasa naona mupaka zambi za watu kando ya njia." Kisha balbu ya kushoto ikafa, na ya kulia ikaifuata. Siraje alisema niliuziwa feki. Jozi ya pili nilinunua duka lingine, na Nafuna alifunga kutwa nzima kabla ya kuipaka mafuta. Nayo ikafa. Siraje alipima umeme kila mahali, akakuna kichwa, akaniambia hajui.

Nafuna yeye alijua.

Basi Jumamosi hiyo nilitoka kazini saa saba nikaenda Mengo. Alanyo na Anselme walikuwa wamefika ili tusomee hapo hapo bandani wakati gari linatengenezwa. Nilimpa Siraje kiboksi, nikaketi kwenye tairi kuukuu, nikafungua daftari la hesabu. Sikusoma hata mstari mmoja. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mchungaji kwamba basi.

"Mzee Sifuna," Siraje aliita. "Kuja hapa. Hii kitu nini?"

Alikuwa ameshika balbu kwa kitako chake, ameiinua nje ya banda ili mwanga wa mchana uipige.

"Wapi?"

"Hapa kwa kioo. Inang'aa kama sambusa."

Nilitazama. Baada ya mvua mwanga ulikuwa umetulia, na mafuta yalionekana. Siraje akasogeza pua.

"Hii si girisi ya gari. Hii ya kula."

"Ni mafuta ya maombi," nilisema. "Mama Travis hupaka kila kitu kipya."

"Na zile zingine alipaka?"

"Zote."

Aliweka balbu chini taratibu, akaenda kwenye debe analohifadhi vyuma vibovu, akachakura. Alirudi na moja ya zile zilizokufa. Kwenye tumbo la kioo palikuwa na uvimbe mweupe, kama lengelenge la mtu aliyeungua. Juu ya uvimbe huo mistari miwili ilikuwa imekatana. Nilikuwa nimewahi kuiona balbu hiyo nisiuone msalaba. Sasa sikuweza kuona kitu kingine.

"Hii kioo inakuwa moto sana," Siraje alisema. "Moto hauna mfano. Ukiacha mafuta, hapo panaungua kupita pengine. Kioo inavimba. Kwisha."

"Lakini ulisema tunawe mikono."

"Nilisema, ssebo, mzee wangu. Watu wote naambia nawa mikono. Nani atafikiria mtu anawe vizuri, halafu atie mafuta?"

Anselme alianza kucheka, akajaribu kuugeuza kuwa kikohozi. Alanyo alimpiga kofi la bega.

"Muache acheke," Siraje alisema. "Mzee, usione haya. Bibi yangu Mwanawetu alifukiza ubani chini ya gari mpya ya babu, na petroli inadondoka. Nyusi zake hazikurudi mpaka anazikwa."

Nilicheka kidogo, kisha nikarudi kukaa kwenye tairi. Nilipaswa kushukuru. Gari halikuwa na laana, masomo yangu hayakuwa na laana, ni mafuta tu juu ya kioo cha moto. Lakini nilimwona Nafuna pale mezani, mikono ameinawa mpaka viwiko, midomo inatetemeka. Nimwambie nini? Kwamba mkono alioninyooshea kunilinda ndio uliokuwa ukiniingiza gizani?

"Fundi," nilisema, "zifute tu. Zifunge. Nitamwambia ni lile duka lilituuzia feki."

Siraje aliinua mabega. "Mke ni wako. Mimi ni wa taa."

"Na hizi nazo zikifa, ukinunua zingine?" Alanyo aliuliza. Hakuwa ameinua macho kwenye kitabu chake.

"Nitazileta hapa moja kwa moja. Hazitafika nyumbani."

"Utazificha kama mwanamume anayeficha pombe."

"Alanyo, ni kwa amani tu."

"Mzee, mimi sisemi juu ya balbu." Sasa alinitazama. "Yule mama anaamini Mungu hataki usome. Ukinyamaza, ataendelea kuamini hivyo. Kila ukifungua kitabu pale nyumbani, atakuona unashindana na Mungu. Hiyo ni amani gani?"

Niliinamisha kichwa juu ya daftari nikaomba kimya kimya, na safari hii maneno yalikuja, ingawa yalikuwa machache. Niliomba ulimi wangu usimwumize Nafuna, kisha nikamwambia Siraje asizifunge balbu mpaka mwenyewe afike.

Nafuna alifika jua likikaribia kuzama, ili turudi nyumbani pamoja. Kutoka Owino mpaka pale si mbali, lakini njia ni ya kupanda, naye alikuwa na furushi la nguo zilizobaki kichwani. Alilitua, akawasalimu wote mmoja mmoja, akamwuliza Siraje habari za nyumbani kwake. Kisha akanigeukia.

"Zimekufa?"

"Hazijafungwa bado. Mama Travis, kaa kwanza."

"Nimekaa mchana mzima. Sema."

Nilimpa ile balbu iliyokufa. "Angalia hapo kwa kioo."

Aliigeuza geuza. Alisogea mahali palipokuwa na mwanga, akaisogeza karibu na macho. Mtu anaujua mwandiko wake, hata ukiwa wa kidole.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Niliifanyia nini?"

Siraje alinitazama, akainama akajifanya anatafuta bisibisi. Basi nilimweleza mwenyewe, kwa maneno yale yale niliyopewa: kioo kinavyopata moto, mafuta yanavyoungua mahali pamoja, uvimbe, mwisho wake. Sikuongeza na sikupunguza. Nilisema pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kiboksi nikiitikia Amina.

Adhana ya magharibi ilisikika kutoka upande wa Kisenyi. Siraje aliomba radhi akaenda kuswali. Tulibaki wanne. Anselme alikuwa akinyoosha nguo za furushi lililofunguka kidogo, akizikunja upya kwa adabu kama zake.

"Kwa hivyo ni mimi nilikuwa nazima," Nafuna alisema.

"Wewe ulikuwa unaomba."

"Nilikuwa naomba na nazima." Aliketi hatimaye, juu ya furushi lake. "Halafu nikakuambia ni Mungu."

Nilivuta lile tairi nikaketi karibu naye.

"Ile lori iliua Khaemba ilikuwa na taa moja," alisema.

Khaemba alikuwa kaka yake. Alifia barabara ya Tororo, na tulimzika pamoja, mimi nikishika kamba ya jeneza. Habari ya ajali naijua. Lakini miaka yote hiyo Nafuna hakuwa amewahi kuitaja ile taa moja kwa kinywa chake.

"Aliona taa moja akafikiria ni pikipiki, akapita karibu. Kumbe ni lori nzima iko hapo kwa giza." Alikuwa akizungusha ile balbu mkononi. "Siku ile ya mtu wa matoke, nilimwona Khaemba. Tangu hiyo siku ukichelewa, nasikia lori. Nasikia kabisa. Nikasema ni Mungu ananisemesha."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba naogopa? Wewe ungesema Mama Travis, tuombe. Ukishaomba, unachukua ufunguo unaenda."

Hilo lilikuwa kweli, nami nililipokea. Alanyo alimshika mkono. Nafuna hakulia. Alionekana tu kama mtu aliyebeba mtungi tangu kisimani na sasa haoni mahali pa kuutua.

Siraje aliporudi, alichukua pamba na spiriti akafuta zile balbu mpya mara kadhaa, akazishika kwa kitako akazifunga. Kisha akatuomba tusaidie kusukuma gari mpaka likaelekeana na ukuta wa stoo ya makaa. Sote tulisukuma, Nafuna pia, kanga ameikaza kiunoni. Siraje alichora mstari wa chaki ukutani akaniambia niwashe.

Ukuta mzima ulijitokeza. Tuliona nyufa, misumari, majina ambayo watoto walikuwa wamekwaruza kwa mawe. Siraje alizungusha skrubu nyuma ya taa mpaka ukingo wa mwanga ukalala chini kidogo ya chaki, ukipanda upande wa kushoto tu.

"Huku kushoto ndiko wanapita watu wa miguu," alimweleza Nafuna. "Watu wa baiskeli pia. Huku kulia ndiko gari zinakuja, kwa hiyo tunainamisha, tusiwachome macho."

Nafuna alitembea mpaka ukutani, akasimama ndani ya mwanga upande wa kushoto, akatugeukia.

"Unaniona?" aliniuliza.

"Nakuona mpaka vidole vya miguu."

"Na hapa?" Alisogea mbali zaidi.

"Nakuona."

Alirudi polepole. Alipofika kwenye gari, alifungua mkoba wake akatoa kile kichupa. Wote tuliganda.

"Mama," Anselme alisema, "pole pole."

"Nyamaza wewe, si nimeelewa," Nafuna alimjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kulikuwa na kicheko kidogo katika sauti yake. "Fundi, wapi naweza kupaka isiharibu kitu?"

Siraje aligonga boneti kwa vifundo vya vidole. "Hapa ni chuma. Hapa paka hata lita."

Akachora msalaba juu ya boneti, akaomba kwa sauti ya chini. Siraje alisimama kando ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili, kichwa chini, mpaka sisi tulipomaliza Amina. Nilidhani tutaondoka. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kitanda. Lakini Nafuna hakuingia garini.

"Baba Travis, mbele ya hawa watu. Taa moja ikikufa ukiwa shule, utafanya nini?"

Nilielewa kwamba hii haikuwa sala, na kwamba Amina haingetosha. Nilisimama vizuri.

"Taa ikifa hata moja, gari haitatoka Mengo," nilisema. "Nitakupigia simu, nitatembea na Anselme nilale kwake, na Alanyo tutamtafutia mtu wa kumfikisha. Sitaendesha na taa moja. Naahidi mbele ya Siraje, Alanyo na Anselme."

"Kwa Anselme utalala chini," Anselme alisema. "Kitanda iko na mwenyewe."

"Nitalala chini."

Nafuna alikubali kwa kichwa, akashika mlango afungue. Alanyo alikuwa bado amesimama pale pale, vitabu kifuani.

"Mama Travis," alisema kwa upole, "mzee amesema yake. Na wewe?"

Nafuna aliuachia mlango. Alikifunga kichupa, akakirudisha mkobani, akapangusa kidole gumba kwenye kanga, akatutazama mmoja baada ya mwingine huku ukuta wa stoo ukiwaka kwa mwanga wa taa nyuma yake.

"Asome," alisema. "Na mimi nikiogopa, nitasema naogopa. Nitasema, Baba Travis, mimi Nafuna naogopa. Sitasema tena ni Mungu amesema. Mmenisikia wote."